Barua na Jukwaa: Uhakiki wa Uunganishaji wa Orodha za Barua Pepe na Majukwaa ya Mtandaoni kwa Kipimo cha Gitega na Muyinga

Ikisiri

Orodha za barua pepe na majukwaa ya mijadala ya mtandaoni yamekuwa yakiunganishwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa kawaida kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya mafundi wa kompyuta. Makala haya yanaihakiki kama kazi ya lugha. Yakisoma kwa pamoja maandishi ya kitaalamu kuhusu mijadala ya Warundi mtandaoni na tabia za programu zinazotumika kuunganisha, yanaonesha kwamba maungio mengi humpendelea msomaji wa ukurasa na kumpunja msomaji wa barua, hukata salamu, hupanga nyuzi za mjadala kwa alama za lugha chache, na hubadili hadhira ya maneno bila kumuuliza aliyeyasema. Gitega na Muyinga zimechaguliwa kuwa kipimo kwa sababu desturi mbili tofauti za mjadala zinapakana hapo.

Utangulizi

Gitega na Muyinga ziko katika nchi moja lakini hazielekei upande mmoja. Gitega, mji ambao Wajerumani waliufanya makao ya utawala wao mwaka 1912 na ambao tangu 2019 ni makao makuu ya kisiasa ya Burundi, ni mji wa ofisi, na karatasi ya ofisi nchini humo huandikwa Kifaransa na Kirundi. Muyinga, ambayo baada ya mgawanyo mpya wa mikoa wa 2025 imo katika mkoa wa Buhumuza, imeelekea Kobero, na ng'ambo ya Kobero ni Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania. Kiswahili cha upande huo hakikuletwa na sera peke yake. Kililetwa na biashara ya mpakani, na kililetwa pia na watu waliokimbia machafuko ya 1972 na 1993, wakaishi Tanzania kwa miaka mingi, kisha wakarejea na lugha waliyosomea au kufanyia kazi huko.

Sera ilifuata nyuma. Burundi iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya hiyo inataka Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano mapana ya kanda. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi Zanzibar mwaka 2015. Februari 2021 wakuu wa nchi wanachama walielekeza Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya sambamba na Kiingereza. Walimu, wakaguzi, wafasiri na watafiti wanaotakiwa kuyatekeleza maagizo hayo wametawanyika katika nchi kadhaa, na hukutana ana kwa ana katika makongamano kama haya, siku mbili tatu kwa mwaka. Kati ya kongamano na kongamano wanahitaji mahali pa kuulizana.

Pendekezo linalotolewa mara nyingi ni kufungua jukwaa la mtandaoni, kisha kuunganisha humo orodha za barua pepe zilizokwishakuwapo ili wanachama wa zamani wasiachwe. Pendekezo hili ni zuri. Ila neno "kuunganisha" limebeba mambo mengi ambayo hayajachunguzwa, na madhara yake humwangukia zaidi yule aliye mbali na seva.

Gharama ya kwenda na gharama ya kupokea

Orodha ya barua pepe ni chombo cha kale kwa hesabu za mtandao. Programu ya LISTSERV iliyoifanya kazi hiyo kuwa ya moja kwa moja ni ya mwaka 1986. Mtu huandika barua moja kwenda anwani moja, na kila mwanachama hupata nakala yake. Barua humfuata msomaji. Jukwaa ni kinyume chake: msomaji ndiye anayelifuata, hufungua kivinjari, huingiza neno la siri, hupakua ukurasa wenye picha na vitufe, na akitaka kujibu ni lazima mtandao uwe hai muda wote anaoandika.

Tofauti hii haisumbui sana mahali penye umeme wa uhakika na bando lisilokwisha. Burundi ni nchi ambayo karibu mtu mmoja tu kati ya kumi ana umeme, na matumizi yake ya intaneti yamo katika viwango vya chini kabisa duniani. Mwalimu aliye nje kidogo ya mji wa Muyinga anaweza kupokea barua kumi na tano simu inapopata mtandao, akazisoma jioni mtandao ukiwa umekatika, akaandika majibu yake gizani, na simu ikayapeleka kesho yake. Jukwaa halimruhusu ratiba hiyo. Ni haki kusema pia kwamba barua si nyepesi daima: kiambatisho kimoja cha picha kinaweza kumaliza bando kuliko kurasa nyingi za jukwaa, na tabia ya kuacha mkia wote wa barua zilizotangulia chini ya jibu la maneno manne ni ubadhirifu ambao hata maprofesa hawajauacha.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza programu yoyote ya kuunganisha ni hili: je, anayepokea kwa barua anaweza kusema kwa barua? Zipo programu ambazo jibu lake ni hapana. Hutuma taarifa fupi kwamba fulani amejibu mada yako, na chini yake kiungo cha kubofya. Hiyo ni kengele tu. Mailman ya toleo la pili ilikuwa na kasoro ya upande wa pili: barua zilihifadhiwa katika kurasa za wavuti, lakini msomaji wa kurasa hizo hakuweza kujibu akiwa humo. Toleo la tatu, lililotoka 2015, lilirekebisha jambo hilo, na jibu linaloandikwa katika ukurasa huenda kwa wote kama barua ya kawaida. Discourse, iliyoanza 2013, ilitoka upande wa jukwaa na kupokea majibu ya barua pepe, lakini hulitambua jibu kwa anwani iliyosajiliwa. Katika ofisi ambamo watu watatu hutumia anwani moja, programu huona mtu mmoja mwenye misimamo mitatu. Na aliyesajiliwa kwa anwani ya kazini akijibu kwa anwani yake binafsi anaweza kukataliwa mlangoni.

Desturi mbili zinazopakana

Maandishi ya kitaalamu kuhusu mijadala ya Warundi mtandaoni yalianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2000 Rose Kadende-Kaiser alichapisha katika jarida la Africa Today uchambuzi wa lugha na mazungumzo ya kiutamaduni ya Warundi wa ughaibuni katika Burundinet. Miaka minane baadaye Simon Turner aliandika kuhusu vita vya maneno vya Warundi wa ughaibuni mtandaoni, na jinsi yasiyosemeka nyumbani yalivyosemwa huko. Kazi hizo mbili ni msingi wa lazima kwa yeyote anayetaka kuujadili uwanja huu, na ya kwanza ina sifa ya pekee: ilikubali kwamba barua pepe ni matini yenye utamaduni ndani yake, wakati ambapo wanaisimu wengi waliiona kuwa takataka za ofisini.

Udhaifu wake, ikiwa ni udhaifu, unatokana na uteuzi wa somo. Wanaochambuliwa wako ughaibuni, yaani mahali penye mtandao. Msomaji aliyebaki nyumbani hayumo katika picha, wala Kiswahili, lugha ambayo ingemwezesha Mrundi wa Muyinga kujadiliana na jirani yake wa Ngara, si mhimili wa uchunguzi. Walioandika baadaye kuhusu mawasiliano ya Burundi wamerithi dira hiyo bila kuihoji, kana kwamba mjadala wa Warundi mtandaoni ni lazima uwe wa siasa, wa ughaibuni, na wa Kifaransa na Kirundi.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda njia nyingine. JamiiForums, iliyoanza 2006 kwa jina la JamboForums, ni jukwaa tangu siku ya kwanza, na Kiswahili ndicho kilichotawala humo. Wanachama wake ndio waliolieneza neno "uzi" kwa maana ya mfululizo wa majibu yanayofuata mada moja, bila kamati na bila warsha ya istilahi. "Kuanzisha uzi" sasa ni Kiswahili cha kawaida cha Tanzania. Orodha za barua hazikuzaa neno lake, kwa sababu katika barua hakuna uzi unaoonekana. Kuna barua, na kuna jibu la barua.

Hivyo basi, anayetaka kumweka afisa wa elimu wa Gitega na mwalimu wa Kiswahili wa Muyinga katika mjadala mmoja haunganishi teknolojia mbili tu. Upande mmoja una desturi ya waraka, wenye kichwa, mada, salamu na sahihi. Upande wa pili una Kiswahili cha jukwaani kinachosomwa kutoka Tanzania, cha haraka, chenye vifupisho na majina ya bandia. Programu zinazouzwa kama suluhisho hazina habari kwamba tofauti hiyo ipo.

YAH, Objet na RE

Mfano mmoja unastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu ni mdogo na unaonekana kuwa wa kipuuzi. Barua rasmi ya Kiswahili nchini Tanzania huwa na mstari wa mada unaoanza kwa "YAH:", yaani yahusu. Barua rasmi ya Kifaransa ya Burundi huwa na "Objet". Programu za barua pepe, zilizozaliwa katika Kiingereza, hutanguliza "Re:" katika kila jibu. Kanuni za muundo wa barua pepe zilizochapishwa 2001 zinaeleza kwamba "Re" hiyo ni ya Kilatini, kutoka neno lenye maana ya jambo au shauri. Kwa maneno mengine, "Re" na "YAH" ni alama moja. Mwandishi wa Kiswahili aliifasiri kwa maana yake, na mashine ikaichukua kwa matumizi yake, kuwa alama ya jibu.

Madhara huonekana uzi unapopangwa. Kanuni za 1982 zilikwishaweka njia bora: kila barua hubeba namba yake ya utambulisho, na jibu hubeba namba ya barua linayoijibu. Lakini namba hizo hupotea mara kwa mara, kwa mfano mtu anapoanza barua mpya badala ya kubonyeza kitufe cha kujibu. Hapo programu nyingi hurudi kwenye mstari wa mada, huondoa "Re:", na kulinganisha maneno yaliyobaki. "RE :" ya programu za Kifaransa, yenye nafasi kabla ya nukta mbili, haiondolewi na kila programu. "TR :", alama ya Kifaransa ya kupeleka mbele barua ya mwingine, hali kadhalika. "YAH:" haijulikani kabisa. Swali moja kuhusu mtihani wa Kiswahili likijibiwa na mtu wa Gitega, wa Dodoma na wa Nairobi linaweza kugawanyika katika jukwaa kuwa nyuzi tatu zisizoonana, na kila mmoja akadhani wenzake wamenyamaza. Kimya hicho kinaweza kutafsiriwa kuwa dharau. Kwa walioketi katika kikao kimoja wasingefikiriana hivyo.

Kutibu tatizo hili ni kazi ya saa chache kwa fundi anayeambiwa. Ila ni nani wa kumwambia? Sio fundi mwenyewe, ambaye hajawahi kuandika barua ya "YAH:" maishani mwake. Vikundi vya istilahi vimetumia nguvu nyingi kutafuta jina la Kiswahili la kila kitufe, jambo lisilo na ubaya, lakini vimeacha tabia ya mashine ibaki ya kigeni chini ya vitufe vilivyotafsiriwa.

Kasoro ya aina hiyohiyo iko katika tahajia. Majukwaa mengi hugeuza alama ya ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Msomaji anayetafuta "ng'ombe" au "ng'ambo" kwa alama ya kwanza huenda asipate maandishi yaliyohifadhiwa kwa alama ya pili, na mtafiti anayehesabu maneno hupata maneno mawili badala ya moja. Katika hifadhi kongwe za orodha, herufi za Kifaransa zenye alama nazo ziliharibika, na neno moja likabaki na "=E9" katikati yake. Mkusanyo wa matini wenye kasoro hizo si ushahidi wa kuaminika, na ni afadhali mtafiti alijue hilo kabla ya kuandika tasnifu.

Salamu iliyokatwa

Barua inapoingizwa katika jukwaa, programu hujaribu kuondoa kile inachokiona kuwa si hoja: barua iliyonukuliwa chini, sahihi, wakati mwingine na mistari ya kuagana. Lengo linaeleweka, kwa kuwa hakuna anayetaka kusoma anwani ya posta ya mtu mara arobaini. Lakini kwa mwandishi wa Kiswahili na wa Kirundi mistari hiyo si pambo. Mdogo anayempinga mkubwa huanza kwa kumwita Mwalimu au Mzee, humjulia hali, huomba radhi kabla ya kukosoa, na humaliza kwa kumtakia heri. Ukikata hayo yote kinabaki kichwa cha mshale: "Sikubaliani na hoja ya pili." Maneno ni yake, lakini hakuyasema hivyo.

Nchini Burundi jambo hili lina uzito zaidi. Taasisi ya bashingantahe, wazee waliopewa dhamana ya kusuluhisha migogoro, imejengwa juu ya namna ya kusema: zamu ya kuzungumza, kiasi cha maneno, kuwasikiliza wote kabla ya kukata shauri. Haimaanishi kwamba kila kikundi cha mtandaoni kigeuzwe baraza la wazee, na maandishi yanayolipamba kila jambo la Burundi kwa jina la bashingantahe yamekwisha kuwa mengi. Hoja ni nyembamba zaidi. Utaratibu wa kusema ni sehemu ya kilichosemwa, na programu inayouondoa inahariri matini bila ya kuwa mhariri.

Mabadiliko ya Aprili 2014 yaliongeza tatizo jingine. Ili kupambana na barua za utapeli, kampuni ya Yahoo iliamuru barua zenye anwani zake zikataliwe zikitumwa kupitia seva za wengine. Orodha hufanya hasa hivyo: hupokea na kutuma tena. Ili barua zisipotee, orodha nyingi zililazimika kuweka anwani yake zenyewe mahali pa anwani ya mwandishi. Tangu hapo jibu linalokusudiwa mtu mmoja linaweza, kwa mipangilio fulani, kwenda kwa wote. Mwenye kuomba ushauri wa faragha kuhusu mkuu wake wa kazi anahitaji kulijua hilo kabla ya kubonyeza kitufe.

Nani anasikia

Hapa ndipo penye uzito mkubwa, na ndipo ambapo miongozo ya kiufundi ina maneno machache kuliko popote. Kuunganisha orodha ya zamani na jukwaa jipya kwa kawaida huanza kwa kuingiza hifadhi yote: barua za miaka kumi huwa kurasa zinazoweza kutafutwa kwa jina la mtu. Mwandishi aliyekuwa akizungumza na watu sitini anaowajua sasa anazungumza na yeyote. Mwaka 2001 Google ilinunua hifadhi ya mijadala ya Usenet na kuirahisishia utafutaji, na watu wengi wakakutana na maneno yao ya ujana. Kwa wengi lilikuwa jambo la aibu ndogo. Katika jamii yenye kumbukumbu za 1972 na 1993, ambamo mtu aliweza kupoteza uhai kwa kile alichodhaniwa kuwa, kubadilisha hadhira ya maneno ya mtu bila ridhaa yake haiwezi kuhesabiwa kuwa mpangilio wa seva.

Jibu rahisi lingekuwa kufuta. Nalo lina gharama. Yahoo Groups, ambayo kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa mfano hai wa barua na ukurasa kuishi pamoja, ilifuta maandishi yaliyohifadhiwa humo Desemba 2019 na kufungwa kabisa Desemba 2020. Vikundi ambavyo havikuwahi kunakili hifadhi zake vilipoteza miaka ya maandishi ya kila siku ya watu wa kanda hii, maandishi ambayo wanaleksikografia wangeyahitaji. Wala jukwaa lililo hai si salama kwa kuwa hai: Juni 2018 JamiiForums ilisitisha huduma kwa muda kufuatia kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania, na nchini Burundi mitandao ya kijamii ilizuiwa Aprili 2015 na tena siku ya uchaguzi ya Mei 2020. Mjadala wenye mlango mmoja hufungwa mlango huo unapofungwa. Nakala zilizokwishafika katika masanduku ya wanachama hubaki.

Kinachofuata kwa washauri wa sera si kununua jukwaa kubwa zaidi. Taasisi yoyote ya kikanda inayotaka mjadala wa kudumu wa Kiswahili ianze na orodha iliyo katika seva yake yenyewe, ambayo kila mwanachama anaweza kusoma na kujibu kwa barua tupu, na ukurasa wa wavuti uwe dirisha la orodha hiyo. Muhtasari mmoja wa siku, wa maandishi matupu, utamfaa mwalimu wa Muyinga kuliko taarifa ishirini. Salamu zisikatwe. Kila mwezi hifadhi inakiliwe katika faili la kawaida na kuwekwa mahali pawili. Barua za zamani zisiingizwe kwa jumla. Siku ya kuunganisha iwe ndiyo siku ya kwanza ya hifadhi ya wazi, na ya nyuma yafunguliwe kwa ridhaa ya kila mwandishi. Ombi la ridhaa liandikwe kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, lieleze bayana ni nani ataweza kusoma, na anayelijibu kwa barua, kwa anwani yoyote na kwa lugha yoyote kati ya hizo, jibu lake lipokelewe. Asiyejibu ahesabiwe kuwa amekataa.